Mchawi Aitwaye Nikodemo

Kompyuta ile ilikuja na mchezo tumboni. Mzee Amiri aliinunua Dar es Salaam, mtumba uliotoka Uarabuni, akaisafirisha hadi Dodoma ikiwa imeviringishwa kwenye godoro. Binti yake Shamila alipoiwasha pale kwenye steshenari yao, nyuma ya soko, waligundua kwamba mwenyewe wa zamani hakufuta vitu vyake. Mlikuwa na picha za harusi ya watu wasiowajua, nyimbo za Kiarabu, na mchezo wa watu wenye mapanga wanaotembea porini.

Ilikuwa mwaka 2001. Zipora, mpiga chapa wa ofisi ile, hakuwa na habari na mchezo. Alikuwa amevuka miaka arobaini, na ujana wake wote aliumaliza akipiga chapa katika shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, mwenye mali mpya alikuja na watu wake, na Zipora akajikuta barabarani na mkoba wake. Mzee Amiri ndiye aliyemwokota. Shamila, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mkubwa wake kazini kwa kuwa mtoto wa mwenye duka, lakini alimwita dada na kumwamkia kila asubuhi, na mambo yao yalikwenda vizuri.

Mtu wa tatu pale ofisini alikuwa Bibi Ruthu, mama yake Zipora. Huyu hakuajiriwa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kanga mabegani, akichambua kunde au kusinzia. Kila aliyeuliza, Zipora alimjibu kwamba mama ameletwa mjini kwa ajili ya macho, yanatibiwa pale hospitali kuu. Lilikuwa jibu la kweli. Macho ya Bibi Ruthu yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na dawa ya matone alikuwa akitiwa. Ila matibabu hayawezi kuchukua miaka minne, na hakuna daktari aliyesema mgonjwa asiachwe nyumbani peke yake na majirani.

Siku moja mchana, jua limewaka mpaka mtaa mzima umenyamaza, Shamila akaufungua ule mchezo. Watu watano wakajipanga kwenye kioo, kila mmoja na mavazi yake, wakipumua taratibu kama wapo hai.

“Hao wamesimama wanangoja nini?” Bibi Ruthu akauliza kutoka mlangoni.

“Wanangoja nichague, Bibi. Lazima kwanza uchague utakuwa nani, ndipo mchezo uanze.”

Bibi akaweka ungo chini, akasogea na kigoda chake. “Hebu nionyeshe.”

Shamila akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza jambo lile. “Huyu wa kwanza ni mpiganaji. Ana nguvu, ana ngao, anapigwa hafi upesi. Huyu wa pili mwindaji, ana upinde, anaijua njia ya porini. Huyu mponyaji, anatibu wenzake. Huyu wa nne ni mwizi.”

“Mwizi? Mtu anaambiwa achague, anachagua kuwa mwizi?”

“Tena wengi tu, Bibi.”

“Makubwa. Na yule mzee wa mwisho mwenye kitabu?”

Zipora, aliyekuwa akipiga chapa mtihani wa shule fulani kwenye kompyuta ya pembeni, alishasoma neno lililoandikwa chini ya yule mzee. Vidole vikasimama. “Huyo ni msomi,” akasema haraka. “Ni msomi tu, Mama.”

Shamila akacheka. “Msomi wapi, dada! Huyo ni mchawi. Tazama fimbo yake inavyowaka.”

Neno lile lilianguka ofisini. Zipora hakumtazama mama yake. Alitazama funguo za kompyuta yake, akingoja kusikia kigoda kikirudishwa mlangoni. Hakikurudishwa.

“Mchawi,” Bibi Ruthu akasema polepole. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alimtazama yule mzee wa kwenye kompyuta kwa muda mrefu, joho lake, ndevu zake, mkono wake uliokuwa na cheche. Kisha akakaa sawa. “Nipe huyo.”

“Bibi! Huyo ni mgumu kwa anayeanza. Hana nguvu, ukiguswa kidogo tu—”

“Nimekuambia nipe huyo.”

Mchezo ukauliza jina. Bibi Ruthu hakufikiri hata kidogo. “Mwite Nikodemo,” akasema.

Hapo Zipora aligeuka. Nikodemo lilikuwa jina la baba yake mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyebaki kule kijijini kwao, Mlali. Mama yake alikuwa ametulia, uso hauna kitu, mkono wake mkavu ukiwa tayari umefunika mausi ya kompyuta kama mtu aliyeshika yai.

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo mchawi Nikodemo aligonga kuta, akazunguka kisimani, akaliwa na panya. Panya wa mchezo ule walikuwa wakubwa kama mbuzi, na Nikodemo alikuwa na maneno mawili tu ya kichawi. Akishayatumia, ilimpasa alale kwanza ndipo ayakumbuke tena. Kila alipoanguka, Bibi Ruthu alicheka kicheko ambacho Zipora hakuwa amekisikia tangu Mlali, kicheko cha tumbo, mpaka kanga inamdondoka. “Kafa tena! Nikodemo kafa! Mwamshe, Shamila, afe tena.”

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomshangaza Bibi kuliko panya. Mchawi alipopita kijijini, watu wa kijiji walimsimamisha. Shamila alimtafsiria maneno yaliyotokea chini ya kioo. Mwanamke mmoja alisema, karibu ewe mchawi, kisima chetu kimekauka, tusaidie. Mfua chuma akasema, salamu, mchawi, kaa upumzike.

“Wanamwita hivyo usoni pake?” Bibi Ruthu akauliza.

“Ndiyo, ndiyo kazi yake.”

“Na yeye anaitikia?”

“Anaitikia.”

“Kisha wanamkaribisha kukaa.” Bibi akatikisa kichwa. Siku ile hakucheza tena. Alirudi kwenye kunde zake, na Zipora alimwona mara kadhaa ameacha kuchambua, anautazama mtaa.

Zipora angeweza kumwambia Shamila aufute ule mchezo. Alikaribia kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Kilichomzuia ni kile kicheko.

Basi ikaja siku ya Emilia. Emilia alikuwa jirani yake Zipora kule Chang'ombe, nyumba zao zimepakana, wanaimba kwaya moja, na mtoto wake Ernest ndiye aliyekuja kila jioni na ndoo kuchota maji. Uani kwa Zipora kulikuwa na bomba, na bomba lenye maji ya uhakika halikuwa jambo la kila nyumba. Emilia aliingia ofisini kutoa fotokopi ya cheti, akamkuta mama wa rafiki yake amekazana mbele ya kompyuta.

“Shikamoo, mama. Leo umeajiriwa?”

“Marahaba, mwanangu,” Bibi Ruthu akajibu bila kuondoa macho kwenye kioo. “Niache kidogo. Mimi ndiye mchawi humu. Tangu asubuhi wananiua na ninafufuka.”

Emilia alicheka nusu, akaacha. Akayatazama yale macho mekundu yanayong'aa kwa mwanga wa kioo. Shamila alikuwa nyuma anahangaika na karatasi iliyokwama kwenye mashine, hakuwepo wa kueleza. Zipora, kwa miaka yote hodari wa kusema ni macho, ni macho tu, safari hii aliinamia funguo za kompyuta yake akaendelea kupiga chapa. Emilia alichukua fotokopi yake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Jioni ile Ernest hakuja na ndoo. Kesho yake vile vile. Kufikia mwisho wa wiki hata watoto wa nyumba ya pili, ambao mama yao alikuwa shoga yake Emilia, walikuwa wanapita mbele ya geti na madumu kichwani wakielekea kwenye bomba la mbali, na wakifika usawa wa nyumba wanaharakisha mwendo.

Jumapili baada ya ibada Zipora alimkuta mama yake ukumbini anasuka ukili. Mumewe, aliyekuwa mpishi wa chuo kule Hombolo na kurudi mwisho wa wiki, alikuwa ametoka na Hana, mtoto wao wa chekechea. Zipora alibaki amesimama, bado amevaa gauni la kwaya.

“Mama, mchezo ule basi. Kesho hutaugusa.”

“Kwa nini?”

“Unajua kwa nini. Umeona watoto hawaji kuchota maji.”

“Nimeona.”

“Neno lile, Mama! Kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mtu! Miaka minne nalificha neno lile. Nakubeba kwenda ofisini, nakubeba kurudi, ili asitokee mtu wa kulisema. Halafu unalisema mwenyewe, unacheka.”

Bibi Ruthu aliweka ukili pajani. “Kaa, Zipora.”

Zipora akakaa.

“Hujawahi kuniuliza,” mama yake akasema. “Nilifika hapa na kifurushi, kichwa nimenyolewa kama mfiwa, ukanipa chakula, ukanipa kitanda. Mwanamke mwingine asingefanya hivyo. Lakini hukuuliza, Mama, wamekufanya nini? Hukuuliza, Mama, ni kweli?”

“Sikutaka kukuumiza.”

“Hapana. Uliogopa nitakavyojibu.”

Zipora alitaka kukana. Kuku wa jirani aliingia mlangoni, akadonoa sakafu, hakuna aliyemfukuza.

“Hana alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa,” Bibi Ruthu akaendelea. Sauti yake haikupanda. “Nilikuwa nikiamka usiku kwenda nje. Nilikuwa nikipita mlango wa chumba alicholala mtoto, nikiugusa, naukuta umefungwa kwa ndani. Kila nilipougusa. Sikukulaumu. Nilijiambia, hata huyu, basi.”

Zipora alijifunika uso kwa viganja. Ilikuwa kweli. Alikuwa akiufunga, na asubuhi anaufungua mapema kabla mama hajaamka, na moyoni alikuwa akijiambia kwamba ni kwa sababu ya mbu. Alilia bila sauti, na mama yake alimwacha alie.

Kisha Bibi Ruthu akasimulia. Ulikuwa mwaka wa njaa, mvua ilinyesha mara moja ikakata. Yeye alikuwa amepanda uwele mapema bondeni, kwenye kipande alichoachiwa na marehemu, na uwele wake ukakomaa huku wa wengine ukikauka. Watu wakaanza kuuliza mvua yake inatoka wapi. Halafu mtoto wa Nikodemo akashikwa na degedege, akafa. Wakaletwa lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, wakawapanga wazee uwanjani, wakanywesha dawa. Kati ya wote, ni yeye aliyetapika, na kutapika ndiyo ilikuwa alama ya mchawi. Nikodemo, shemeji aliyekula chungu kimoja na mumewe, akasimama mbele ya watu wote akasema, nilijua. Wakamnyoa. Asubuhi akaondoka kwa miguu kwenda Kongwa kutafuta basi la Dodoma, na kipande cha bondeni sasa anakilima Nikodemo.

“Basi uliposema yule mzee ni msomi, nikajua unanificha kitu. Na yule binti aliposema ni mchawi, nikasema ngoja. Watu walinichagulia kitu hiki, wakanivika, wakanifukuza nacho, na mimi mwenyewe sijawahi kukiona. Nilitaka nikiingie nione kina nini ndani. Kina nini hicho walichoniogopa nacho.”

“Ukaona nini?” Zipora akauliza.

“Nimeona mtu dhaifu. Analiwa na panya. Anajua maneno mawili, akishayasema lazima alale.” Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. “Lakini yeye anajua maneno, Zipora. Angalau mawili. Mimi sijui hata moja. Yule siye mimi. Sikuwa mchawi. Mtoto wa Nikodemo nilimbeba mgongoni tangu hajaota meno.”

Hapo Zipora akatambua kwamba kwa miaka yote minne hakuna mtu aliyempa mama yake nafasi ya kusema maneno hayo mawili, *sikuwa mchawi*, na kusikilizwa. Aliteremka kitini, akakaa chini kwenye mkeka, akalaza kichwa kwenye paja la mama yake juu ya ukili, gauni la kwaya likijikunja.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alipita kwa Emilia. Emilia alikuwa uani anasugua masufuria. Alimkaribisha, lakini hakusimama.

“Mama Ernest, nimekuja kuzungumza habari za mama yangu,” Zipora akasema, na akasema yote. Alisema habari za Mlali na lambalamba na kichwa kunyolewa, akasema habari za mchezo, na kwamba macho ni moshi wa kuni. Alisema kwa mfululizo kama anasoma tangazo kanisani, kwa kuogopa kwamba akikatiza hataendelea.

Emilia alisugua sufuria moja mpaka ikang'aa. “Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?”

“Niliogopa.”

“Na wewe mwenyewe, Mama Hana? Waliposema, wewe uliamini?”

Zipora alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo. Angeweza kusema hapana, na lingeisha. “Nusu,” akasema. “Niliamini nusu. Miaka minne.”

Emilia akainua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. “Basi usinikasirikie mimi niliyeamini kwa wiki moja.”

Hawakucheka, wala hawakukumbatiana. Zipora aliaga akaenda kazini akiwa hajui kama amejenga au amebomoa.

Jioni ya siku ya pili yake geti liligongwa. Hakuwa Ernest. Emilia alikuja mwenyewe na ndoo. Alimkuta Bibi Ruthu barazani, akaweka ndoo chini, akapiga goti, akamwamkia, akamshika mkono akamuulizia habari za mwili, za miguu, za macho, za usingizi, mpaka bibi akachoka kuitikia. Ndipo akachota. Yule mwanamke wa nyumba ya pili hakurudi, si wiki ile wala mwaka ule. Alipokutana na Zipora njiani alivuka upande wa pili, na Zipora alimsalimia kwa sauti vile vile, kila mara, akitaja na jina lake.

Ofisini, Zipora alimweleza Shamila mwenyewe. Msichana alilia, akataka kuufuta mchezo palepale, akiomba radhi kwa neno alilolisema.

“Acha,” Bibi Ruthu akamwambia. “Wewe ndiye uliyelisema bila kuninyooshea kidole. Lakini huyu Nikodemo nimemchoka. Nirudishe pale wanapochagua.”

Wale watano wakajipanga tena kwenye kioo, wakipumua. Bibi aliwapitia mmoja mmoja. Zipora naye aliacha kazi yake, akaja kusimama nyuma ya kigoda.

“Mponyaji atakufaa,” Zipora akasema. “Umetulea wote.”

“Kazi hiyo nimeifanya. Sikuichoka, ila nimeifanya.” Kidole chake kikasimama kwenye yule mwenye upinde. “Baba yangu alikuwa akiingia porini na mbwa wake, anarudi baada ya siku nyingi. Kaka zangu aliwachukua. Mimi nilibaki na mtwangio, nikisikia mbwa wanavyofifia kwa mbali. Nipe huyu.”

“Huyu unaweza kumfanya mwanamke,” Shamila akasema. Akabonyeza, na yule mwindaji akageuka akawa mwanamke mrefu, nywele amezifunga kwa nyuma.

Bibi Ruthu alistaajabu. “Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo?”

“Tangu mwanzo, Bibi. Hukuuliza.”

“Na jina?” Zipora akauliza.

“Langu,” mama yake akasema. “Ruthu.”

Zipora aliinama juu ya bega lake, akaliandika yeye, herufi moja baada ya nyingine. Mwindaji akatokea kijijini. Hakwenda kisimani wala kwa mfua chuma. Bibi Ruthu alimpeleka moja kwa moja hadi kwenye lango, akalipita, akaingia kwenye majani marefu nje ya kijiji. Swala mmoja akavuka mbele yake, kisha akasimama.

“Mpige, Bibi!” Shamila akasema. “Usipopiga kitu hupandi daraja. Utabaki hivyo hivyo.”

Mkono wa Bibi Ruthu haukubonyeza. Ulisukuma mausi mbele kidogo kidogo, na yule mwanamke wa kwenye kioo akampita swala, akapanda kilima, akauona ng'ambo mto ambao hakuna hata mmoja wao watatu aliyewahi kuufikia.

Mteja aliingia, akagonga meza kwa sarafu. Shamila akanyoosha mkono kuchukua mausi, na Zipora akamzuia.

“Mwache atembee kwanza,” akasema, akaenda kumhudumia mteja.